Filamu Inaisha Kabla ya Mazoezi

Kisumu, barafu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kulaza samaki wasiharibike njiani kutoka ufuoni hadi sokoni. Ya pili ni kumpoza mtoto aliyetoka shule na shilingi chache mkononi. Kwa hivyo mwaka wa 2018, tangazo la *The Away Game* lilipoanza kurushwa kutoka simu moja hadi nyingine, wengi wetu huku Migosi tulilifungua tukitarajia kichekesho. Wakenya juu ya barafu, helmeti kichwani, magongo mkononi. Kwani hii ni nini tena?

Si kichekesho. Ni filamu fupi ya dakika chache, na nimeitazama mara nyingi kuliko filamu kadhaa za saa mbili. Kila nikiitazama machozi yanakaribia mahali palepale, hata nikijua yanaletwa na kampuni inayouza kahawa. Nataka kusema kwa nini inafanya kazi vizuri hivyo. Halafu nataka kusema kwa nini, pamoja na uzuri wake, inaendeleza uongo mmoja ambao vijana wa mtaa wangu wanaulipia, tena kwa pesa taslimu.

Stori yenyewe ni hii. Kenya Ice Lions ni timu ya hoki ya barafu ya Nairobi. Mazoezi yao ni kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa 2005. Wengi wao walianzia kwenye skati za magurudumu, juu ya lami, kabla ya kukanyaga barafu. Shida yao ni moja: hawana mpinzani. Timu ni yao tu. Kampuni ya Tim Hortons, yenye migahawa ya kahawa kila kona ya Kanada, ikawasafirisha hadi huko wakacheze mechi. Wakiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, jezi mpya mwilini, wanaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nao wanataka kucheza upande wao. Kisha mechi yenyewe.

Kama hufuatilii hoki, piga picha hivi: timu ya mtaa ya Nyalenda imealikwa Argentina, wasee wanafunga kamba za viatu, halafu Messi anaingia na kuuliza kama kuna namba.

Kwanza sifa, kwa sababu inastahili. Filamu hii haiwacheki. Wachezaji wanaanguka, ndiyo, lakini kamera haikai pale chini kuchekelea anguko. Wanaongea wenyewe kuhusu wanachokipenda. Ukitaka kujua hilo ni jambo kubwa kiasi gani, rudi 1993 kwenye *Cool Runnings*, ile filamu ya Wajamaika na kigari cha barafuni. Ninaipenda bado; tulilelewa nayo kwenye kanda za video. Lakini robo tatu ya ucheshi wake ni mtu mweusi kukutana na baridi. Katika *The Away Game* baridi si mzaha. Ni mahali pa kazi.

Halafu kuna mwendo wake. Filamu inajua kwamba mtazamaji hajali sana kuhusu hoki. Anachojali ni upweke. Kila mtu amewahi kupenda kitu ambacho mtaani hakuna mwingine anayekipenda: anayechora manga pale Kondele, anayepiga fidla Manyatta, anayeandika mashairi akiwa kibandani anauza mkopo wa simu. Timu isiyo na wa kucheza naye ni picha ya mtu huyo. Ndiyo maana mlango ukifunguka kwenye kile chumba, tunahisi umefunguliwa kwetu pia.

Na hapo kwenye mlango ndipo ninapoanza kugombana nayo.

Filamu za michezo kuhusu sisi zina ugonjwa wa jicho. Zinaamini kwamba kitu kikubwa kinachoweza kumpata mwenye kipaji ni kuonekana. Chukua *The Air Up There*, iliyotoka 1994. Kevin Bacon ni Jimmy Dolan, msaidizi wa kocha wa mpira wa kikapu katika chuo cha Marekani, mchezaji wa zamani ambaye ndoto yake ilivunjika. Anamwona kijana Mkenya kwenye mkanda wa video, anapanda ndege kumfuata. Kijana huyo, Saleh, aliigizwa na Charles Gitonga Maina, Mkenya mwenzetu. Kabila lake kwenye filamu linaitwa Winabi. Usilitafute kwenye ramani, halipo. Waliunda kabila zima ili kijana apatikane mahali ambapo hakuna mwalimu, hakuna ligi, hakuna chama, hakuna mtu yeyote aliyewahi kumshika mkono na kumwonyesha jinsi ya kurusha mpira. Kipaji kinatokea tu, kama mvua. Kinachokosekana ni jicho la mgeni.

*Cool Runnings* nayo ina kocha aliyebuniwa, aliyeigizwa na John Candy: mtu aliyewahi kudanganya kwenye mashindano, aliyejificha kwenye jua la Jamaika hadi vijana wakamfuata. Timu ya Jamaika kule Calgary mwaka 1988 ilikuwa ya kweli. Kocha huyo hakuwepo. Angalia jinsi filamu hizi mbili zinavyofanana: kocha ni mtu aliyeanguka, na vijana ni dawa yake. Anapofika tunajua shida yake. Anapoondoka amepona. Vijana wameponya mtu, na malipo yao ni kuonekana.

*The Away Game* ni ya kisasa kuliko hizo. Haina kocha aliyeanguka. Lakini imefanya jambo ambalo kwangu ni la kushangaza zaidi: imemsukuma kocha pembeni. Ukimaliza kuitazama, majina unayoondoka nayo ni Crosby, MacKinnon na jina la mgahawa. Huondoki na jina la Tim Colby, Mkanada aliyekuwa anawafundisha hawa vijana Nairobi wakati ambapo hakuna kampuni iliyokuwa inatazama. Huondoki ukijua mazoezi yao yanafananaje, yanagharimu nini, nani anabeba vifaa, nani aliyewafundisha kusimama ghafla. Na kusimama ghafla kwenye barafu, muulize yeyote anayeskati, ndiyo nusu ya mchezo.

Mtu ataniambia: buda, hilo ni tangazo, ulitaka filamu ya saa tatu? Hapana. Nataka tu tuelewe kilichokatwa, kwa sababu kilichokatwa ndicho kilichowaleta mpaka kwenye kile chumba. Timu haiwezi kualikwa Kanada kama haipo. Ilikuwepo kwa sababu kuna watu walikuwa wanafika mazoezini.

Hebu tuangalie basi jinsi jicho linavyofanya kazi kule hoki ilikozaliwa, maana hata huko stori si hiyo tunayouziwa. Ligi ya NHL huchagua vijana kila mwaka kwenye kitu kinachoitwa drafti. Si ile ya vifuniko vya soda inayochezwa kando ya duka. Hii ni drafti ambapo timu zinachukua zamu kutaja vijana wanaowataka, raundi saba. Leo ligi ina timu 32, kwa hivyo ni majina 224 kwa mwaka. Crosby alitajwa wa kwanza kabisa 2005, mwaka uleule Panari walipofungua barafu yao. MacKinnon alitajwa wa kwanza 2013. Wote wawili wametoka Cole Harbour, mji mdogo wa Nova Scotia. Jicho halikuwa na kazi kubwa hapo. Mtoto wa namna hiyo anajulikana kabla ndevu hazijaota.

Kazi ya msaka vipaji inaonekana chini ya orodha. Håkan Andersson ni Mswidi ambaye kwa miaka mingi amekuwa jicho la Detroit Red Wings huku Ulaya. Mwaka 1998 Detroit walimchukua Mrusi mdogo wa umbo, Pavel Datsyuk, akiwa wa 171. Mwaka uliofuata wakamchukua Henrik Zetterberg, wa 210. Wote wawili wakawa nyota wakubwa, na 2008 wakabeba Kombe la Stanley, Zetterberg akiwa mchezaji bora wa mechi za mchujo. Watu wa hoki bado wanazisimulia hizo chaguo mbili kama sisi tunavyosimulia Gor Mahia ya 1987.

Stori hiyo ikisimuliwa kwa haraka, tunabaki na jicho kali la Andersson. Lakini tazama tarehe. Datsyuk alichaguliwa 1998, akaanza kucheza Detroit 2001. Zetterberg alichaguliwa 1999, akaanza 2002. Miaka mitatu kila mmoja. Hiyo miaka mitatu walikuwa wapi? Kwao. Urusi na Uswidi, wanafanya mazoezi chini ya makocha ambao majina yao wewe na mimi hatuyajui. Kabla ya hapo walikuwa na makocha wengine tangu utotoni. Jicho lilihitaji jioni chache za kukaa kwenye benchi la baridi. Mikono ilihitaji miaka kumi na kitu. Na hata lile jicho lilikuwa kali kwa sababu lilirudi msimu baada ya msimu kwenye viwanja ambavyo hakuna aliyetaka kwenda. Msaka vipaji mzuri anafanana na kocha kuliko anavyofanana na nyota anayefungua mlango.

Sasa tuje nyumbani. Sisi tumewahi kuwa na The Away Game nyingine, miaka 20 kabla. Philip Boit alikuwa mkimbiaji. Kampuni ya Nike ilikuwa na wazo: tuchukue Wakenya wenye mapafu ya kukimbia, tuwafundishe kuteleza kwa ski nyikani. Boit akapelekwa Ufini kujifunza, na 1998 akashiriki Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10. Bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwe alimsubiri kwenye mstari, akamkumbatia. Boit baadaye akamwita mwanawe Dæhlie.

Ile picha ya kumbatio ni nzuri, nami sina neno baya kwa wanaume wawili waliopendana kwa heshima. Lakini Boit alirudi tena Olimpiki, Salt Lake City 2002 na Torino 2006. Miaka minane! Mtu kutoka nchi isiyo na theluji ya kufanyia mazoezi alibaki kwenye mchezo huo miaka minane. Umewahi kuona picha ya 2006? Kumbatio ndilo limebaki kwenye vichwa vyetu kwa sababu lina umbo la filamu: mgeni mkubwa, Mkenya mchovu, mlango wa moyo umefunguka. Miaka minane ya kurudi haina umbo hilo. Ina umbo la kazi.

Ningependa kuweka jambo moja wazi hapa kabla halijageuzwa. Sisemi shida ni mgeni. Mgeni akibaki, anakuwa mtu wa hapa. Brother Colm O'Connell, Mwayalandi, alifika Iten 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa kocha wa riadha. Alibaki. Peter Rono akashinda dhahabu ya mita 1500 Seoul 1988, Matthew Birir akashinda kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, na David Rudisha, ambaye O'Connell alimchukua akiwa kijana, akakimbia mita 800 kwa dakika 1 sekunde 40.91 London 2012, rekodi ya dunia. Hesabu kutoka 1976 hadi 2012: miaka 36. Ukimtengenezea mtu huyo filamu ya dakika tatu, utaweka nini? Utaweka mbio za London. Na utakuwa umekata miaka 36 ili ubaki na dakika 1 na sekunde 40.

Tim Colby naye ni Mkanada, sawa na lile tangazo. Tofauti yake na tangazo haiko kwenye pasipoti. Iko kwenye kalenda.

Kwa nini haya yote yananiuma mimi, mtu wa Migosi, ambako hakuna hata kipande cha barafu cha kuskatia? Kwa sababu neno "kuonekana" limekuwa ugonjwa huku kwetu. Kaa kando ya uwanja wowote jioni, sikiliza. Huyu anacheza vizuri, anangoja kuonekana. Yule alikuwa mkali, hakuonekana. Wa tatu alionekana, akatoboa. Kipaji kimekuwa kitu cha kungoja. Mazoezi yenyewe yamekuwa kama foleni ya benki: unasimama ili uitwe.

Na penye foleni, mwizi hakosi. Mwaka juzi mama mmoja wa ploti yetu, anayeuza samaki, alinijia na barua. "Nyathina, wewe umesoma, hebu niangalilie hii." Barua ilisema mwanawe, kipa wa miaka 17, amechaguliwa kwenda majaribio katika klabu moja ng'ambo, na kwamba pesa za fomu na viza zilipwe kwa namba ya simu. Hakukuwa na anwani. Hakukuwa na sahihi. Aliyeileta alijiita skauti. Nilimwambia barua isiyo na anwani si barua, ni mtego. Alinyamaza kidogo, akakunja ile karatasi vizuri kama mtu anayekunja kitambaa cha kanisani, akaniambia ngiri thelathini tayari ilikuwa imeenda.

Yule tapeli hakubuni kitu. Anauza kilekile filamu zetu zinauza: mlango unafunguka, mgeni anaingia, anasema nimekuona. Mama yule hakuwa mjinga. Alikuwa ameona picha hiyo maisha yake yote, kwenye runinga, kwenye matangazo, kwenye magazeti, na hajawahi kuonyeshwa picha nyingine. Kama ungemuuliza mchezaji anatengenezwa vipi, angekuambia: anaonekana. Hakuna filamu iliyomwambia kwamba kuna watu wanaomtengeneza, na kwamba mmoja wao yuko hatua mia tatu kutoka mlangoni pake.

Maana yuko. Kwenye shule moja ya msingi karibu nasi kuna mwalimu ambaye masomo yakiisha habebi mkoba kwenda nyumbani. Ana firimbi na daftari. Kwenye daftari anaandika nani amefika, nani amekosa, nani amekuja bila kula. Wa mwisho hao huwa hawakimbizwi mizunguko. Wanapewa kazi ya kushika mpira wa akiba. Watoto wanamwita Japuonj, mwalimu, hata wale waliomaliza shule na sasa wana watoto wao. Yule kipa wa miaka 17 alijifunza kuruka upande wa kushoto kwake. Hakuna kamera. Na kama kamera ingekuja, ninaogopa ingemngoja kwanza mgeni afike ndipo iwashwe.

Tusijifanye pia kwamba magongo ni kitu cha ajabu katika nchi hii, kwamba Ice Lions wameota jangwani. Mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la hoki ya uwanjani kule Barcelona, Kenya ilimaliza ya nne. Ya nne duniani! Avtar Singh Sohal aliongoza timu yetu kwenye Olimpiki tatu, 1964, 1968 na 1972, kisha akawa kocha wa timu ya taifa. Hapa Kisumu, ukitaja Sinyolo Girls kwa mtu wa michezo ya shule, atakuambia magongo kabla hujamaliza kutamka jina. Kuna njia ndefu ya Wakenya kushika magongo, ya walimu na makocha kuwaonyesha jinsi ya kuinama, jinsi ya kupitisha mpira bila kuinua macho. Sisemi hoki ya nyasi ndiyo iliyozaa ya barafu; Ice Lions walitoka kwenye skati. Ninachosema ni kwamba filamu ya Mkenya mwenye gongo ingeweza kuanza mahali pengine kuliko kwenye mshangao. Ingeweza kuanza na jinsi tunavyofundishana.

Mtetezi wa tangazo ana hoja moja nzuri, nami sitaikwepa. Atasema: bila ile filamu nani angewajua Ice Lions? Wewe mwenyewe ungekuwa unaandika haya? Ni kweli. Kujulikana kunaleta vifaa, kunaleta wadhamini, kunamfanya mzazi amruhusu mtoto ajaribu. Sitaki jicho lipofuke. Nataka tu lisipewe sifa ya mikono. Na ninadhani Tim Hortons hasa wangeweza kulijua hilo. Kampuni hiyo ilianzishwa 1964 kule Hamilton, Ontario, na Tim Horton, beki wa Toronto Maple Leafs, mtu ambaye mwili wake ulijua mazoezi ya alfajiri kabla jina lake halijawa kwenye kikombe. Nchi yao imejaa viwanja vya barafu ambapo mzazi anamwamsha mtoto gizani ili awahi zamu yake. Wanajua kinachomtengeneza mchezaji. Walipokuja kutusimulia sisi, walichagua mlango.

Kuna sehemu ya pili ya stori ambayo bado haijapata filamu yake, na ndiyo ningependa kuiona. Baada ya Kanada, wachezaji walirudi nyumbani. Jezi zilifuliwa. Uwanja ulikuwa uleule, mdogo sana ukilinganisha na uwanja rasmi wa kimataifa wenye urefu wa mita 60. Bado hakukuwa na mpinzani wa jirani. Crosby alirudi Pittsburgh kwenye kazi yake. Hapo katikati ikapita korona. Timu ikaanza kufundisha watoto, maana kama huna mpinzani, njia mojawapo ni kumlea. Na Septemba 2024, karibu miaka sita baada ya tangazo, Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu.

Fikiria miaka hiyo sita kama filamu. Hakuna nyota anayeingia. Kuna nahodha Benard Azegere na wenzake, wanatoka kazini, wanapanda matatu Barabara ya Mombasa na begi la vifaa lililo kubwa kuliko kiti. Kuna kocha anayerudia zoezi lilelile, puki kutoka kushoto kwenda kulia, ile puki nyeusi ya mpira mgumu, mara hamsini. Kuna fomu za shirikisho, mikutano, barua zenye anwani. Haina kilele cha machozi. Ina kilele cha karatasi: barua pepe inayosema mmekubaliwa. Najua mtayarishaji atasema haiuzi. Lakini hiyo ndiyo iliyofanyika, na ndiyo iliyobadilisha kitu. Tangazo liliwapa mechi moja. Miaka sita iliwapa nchi yenye nafasi ya kutafuta mechi.

Kwa hivyo hukumu yangu kuhusu *The Away Game* ni hii: kama tangazo ni bora kabisa, kama filamu kuhusu upweke ni ya kweli, na kama filamu kuhusu jinsi mchezaji anavyopatikana inapotosha. Itazame. Ukifika kwenye mlango, lia kama una machozi, mimi nitakuwa nalia pia. Kisha jiulize nani aliwafundisha kuvaa hizo skati.

Na kwa wenzangu wa Kisumu wenye kamera, na mko wengi siku hizi, mnaofanya video za muziki pale Dunga na harusi pale Mamboleo: shule zikifunguliwa, tafuta mwalimu mmoja wa michezo. Nenda saa kumi jioni, Jumatatu. Usipige picha siku hiyo, msaidie tu kupanga koni. Rudi Jumanne. Kaa naye muhula mzima, pamoja na siku ya mvua, siku watoto watano tu wamefika, siku mpira umepasuka. Mgeni akija na mlango wake, mrekodi pia, hakuna ubaya. Ila akiondoka, usizime.